Nyigu, Mchwa na Mguu Wangu wa Plasta

Tarehe 6 Machi

Naandika kwa sababu nisipoandika nitagombana na watu, na watu wenyewe hawana kosa. Wiki mbili zilizopita nilipanda kigoda kutundika pazia, nikaanguka, mguu wa kushoto ukavunjika mahali pawili chini ya goti. Nililala sakafuni kwangu saa tatu nzima mpaka jirani alipokuja kuazima chujio. Sasa nipo kwa mwanangu, chumba cha nyuma, plasta mpaka pajani, na daktari wa mifupa ameniambia nisahau kutembea mpaka mvua zikaribie kwisha.

Nilikuwa muuguzi miaka thelathini na moja, na kumi na minne ya mwisho nilikuwa Sista wa wodi. Nimewaambia wagonjwa wasio na idadi, "Tulia kitandani." Sikujua maneno hayo yanaudhi kiasi hiki.

Humu ndani wapo saba: mwanangu, ambaye ni fundi umeme, mkewe, yaani mkamwana wangu, watoto wao watatu, na wadogo wawili wa mkamwana. Mkamwana anashona sare za shule, na cherehani yake iko upande wa pili wa ukuta wangu, inanguruma kutwa. Hakuna anayefanya jambo peke yake katika nyumba hii. Ukidondosha kijiko wanainama watatu. Mimi nimeishi peke yangu miaka tisa tangu mume wangu afariki, na kijiko changu napenda nikiokote mwenyewe.

Asubuhi mwanangu alisimama mlangoni. "Mama, mvua zikiisha tutakaa tuamue."

"Tuamue nini?"

"Hayo ya wewe kurudi kule peke yako. Sisi tunaona ubaki hapa moja kwa moja."

Nikamwuliza sisi ni nani. Akaangalia simu yake. Basi nikajua ni mkewe.

Tarehe 8 Machi

Mvua ya kwanza. Kwenda chooni ni msafara: naketi kwenye kiti cha plastiki, wadogo wawili wanavuta, mkamwana ameshika mguu, mtoto anafungua milango. Nimeomba magongo yangu. Mkamwana ameyaegemeza nyuma ya kabati, kona ya mbali kabisa. "Ukiyaona yatakutia tamaa, Mama," akasema.

Tarehe 10 Machi

Nimepata mgeni. Nyigu mweusi, miguu ya njano, kiuno chembamba kama uzi. Saa tatu asubuhi aliingia dirishani na kidonge cha udongo mdomoni, akakibandika kwenye fremu, mkono wangu unafika. Akatoka, akarudi na kingine. Nilihesabu safari ishirini na sita. Kufikia saa sita alikuwa amemaliza kijumba kirefu kama kidole cha mtoto, wazi upande mmoja. Akifinyanga analia kwa sauti nyembamba, ukinyamaza unaisikia. Hakuna aliyemsaidia, wala hakutazama nyuma kuona kama yupo.

Nimempenda papo hapo. Nisiwe mwongo.

Tarehe 11 Machi

Analeta buibui. Anawapakia kwenye kijumba mmoja mmoja. Kisha akaziba kwa udongo na kuanza kijumba cha pili pembeni ya kile.

Tarehe 14 Machi

Leo mkamwana aliingia na ufagio akasimama ghafla. Kwenye kona, kutoka sakafuni kuelekea nyuma ya kabati, imepanda njia ya udongo, nene kama kalamu. Mimi sikuwa nimeiona kwa kumtazama nyigu.

"Mchwa hao," akasema, akainua ufagio.

"Waache."

"Mama, mchwa haachwi. Anamwagiwa dawa."

"Nataka kuwaangalia. Na dawa itamwua nyigu wangu."

Akanitazama kama nimepandwa na homa. Nikamwambia: nyinyi mna redio, mna cherehani, mna watoto, mimi nina ukuta. Niachieni ukuta mvua hizi tu. Sauti yangu ilikuwa ile ya wodini, nakiri. Akashusha ufagio akatoka. Nilifurahi kushinda jambo moja katika nyumba hii.

Tarehe 15 Machi

Nimefungua chati mbili kwenye daftari, kama zamani. Kitanda namba moja, nyigu. Kitanda namba mbili, mchwa. Wote wanajenga kwa udongo, na hapo ndipo udugu wao unapoishia.

Nilimwomba mtoto wa pili anivute karibu, nikatoboa njia ya mchwa kwa mpini wa kijiko, upana wa kucha mbili. Kwanza walitoka askari, vichwa vikubwa vyekundu, wakasimama kuzunguka tundu. Kisha wafanyakazi, weupe, vipofu, kila mmoja na chembe yake. Wanabandika chembe, wanarudi ndani, mwingine anashika nafasi. Dakika arobaini tundu likawa limezibwa. Hakuna aliyetoa amri, maana nilitazama sana nikimtafuta Sista wao.

Tarehe 16 Machi

Mvua. Nyigu hakuja.

Tarehe 17 Machi

Mvua. Mkamwana ameniosha nywele. Ana mikono mizuri lakini anaongea kupita kiasi.

Tarehe 19 Machi

Nyigu amefikisha vijumba tisa. Akavipaka tope vyote kwa pamoja, bumba moja bovu bovu, ungedhani mtu karusha tope ukutani. Kisha akaenda zake. Nimesubiri kutwa. Harudi.

Jambo hili limenishangaza. Mama nyigu hamwoni mtoto wake hata siku moja. Anajenga, anaweka chakula, anataga, anaziba, anaondoka. Mchwa je? Yule mchwa haoni mwanga, lakini hata sekunde moja hayuko peke yake.

Nikashindwa kuvumilia. Nilichukua sindano ya kufumia nikafungua kijumba cha mwisho. Ndani kulikuwa na buibui kumi na mmoja. Nikamgusa mmoja kwa ncha ya sindano, akatingisha mguu. Wazima! Wamepigwa ganzi tu, wasioze, mtoto ale nyama mbichi. Nimefanya kazi na madaktari wa ganzi, wana mashine na mizani, na bado wanatoka jasho. Huyu anafanya kwa mwiba. Juu ya buibui mmoja kulikuwa na yai, jeupe, kama punje ya mchele iliyovunjika.

Kisha nikaingiwa na aibu. Nimemfungulia mtoto wa mtu mlango na mama yake hayupo.

Tarehe 20 Machi

Zahanati, kupima plasta. Fundi wa plasta nilimfundisha mimi kufunga bandeji. Nikamwomba kipande kilichobaki. "Cha nini, Sista?" Nikamwambia nina mgonjwa nyumbani, na sikuwa nasema uongo.

Nimeloweka kipande upana wa kidole gumba, nikaziba tundu la kijumba, tabaka tatu, kingo zimelainishwa. Kazi safi. Mkamwana aliposimama mlangoni kuangalia nilimwambia, "Unaona? Huyu sasa amepona."

"Wewe na wadudu wako," akasema, lakini alicheka.

Tarehe 28 Machi

Mvua siku ya nne. Njia ya mchwa imeingia nyuma ya kabati, siioni tena mwisho wake. Chati namba mbili imebaki nusu.

Tarehe 2 Aprili

Mvua. Cherehani. Mvua.

Tarehe 5 Aprili

Nimenuna kutwa. Nilisikia kupitia ukutani mkamwana akimwambia mume wake, "Hata akipona haendi. Mimi nakwambia haendi." Ameamua, basi. Watu wanajaziana chembe za udongo mpaka unajikuta umezibwa.

Tarehe 11 Aprili

Jioni, mvua ilipokatika, kumbikumbi walitoka ardhini nyuma ya jiko kwa maelfu. Mwanangu alizima taa za ndani, lakini walishaingia. Watoto walipiga kelele, wadogo wa mkamwana wakajifunika khanga kichwani, kumbikumbi mmoja akaingia kwenye chai ya mwanangu naye akainywa bila kujua. Nilicheka mpaka mguu ukauma.

Asubuhi mbawa zilikuwa zimetapakaa sakafuni. Wanazikata wenyewe wakishatua. Mchwa wale wale wa gizani, na wachache wao wanapewa dakika chache za kuruka. Nimeliandika hilo kwenye chati na sijui nilifanyie nini.

Tarehe 17 Aprili

Zahanati. Plasta ndefu imetolewa, nimewekwa fupi chini ya goti. Daktari amesema naweza kuanza magongo taratibu. Nikamtazama mkamwana. Mkamwana akautazama mlango.

Nyumbani: "Wiki ijayo, Mama. Mvua inateleza."

"Chumbani mvua inanyesha?"

Akarudi kwenye cherehani.

Tarehe 24 Aprili

Naandika kwa shida, kiwiko kimevimba.

Leo mkamwana alikwenda kupeleka sare shuleni na wadogo zake wakambebea mafurushi. Watoto darasani, mwanangu kazini. Kwa mara ya kwanza tangu Februari nyumba ilikuwa kimya. Niliketi kitandani nikasikiliza kimya hicho kama mtu anayekunywa maji. Kisha nikasema, leo ndiyo leo.

Nilijivuta kwa makalio mpaka kwenye kabati, nikaingiza mkono nyuma, nikayapata magongo. Yalikuwa ya mbao, yamepakwa rangi ya kijivu, na rangi ilikuwa nzima. Nilijiinua kwa kushika mlango wa kabati. Hatua ya kwanza. Ya pili. Niliona juu ya kabati kwa macho yangu mwenyewe, pana vumbi, nikafurahi kuliona.

Hatua ya tatu gongo la kulia likavunjika. Halikutoa hata mlio wa mti unaovunjika, lilibomoka kama mkate mkavu, nami nikaenda chini ubavu ubavu. Kutoka ndani ya gongo walimwagika mchwa. Ndani palikuwa patupu, wamekula mbao yote wakaacha rangi na ganda. Wiki sita yameegemea ile kona, njia ya udongo inapanda, na ni mimi niliyekataza ufagio usiiguse.

Sikuweza kuinuka. Nilijipima: kichwa sawa, nyonga sawa, plasta nzima, kiwiko kibaya. Kisha sikuwa na la kufanya. Shavu langu lilikuwa sakafuni, na mchwa walikuwa mbele ya jicho langu, karibu kuliko nilivyowahi kuwaona. Askari walikuwa wameshapanga duara kuzunguka kile kipande cha gongo. Nitasema ukweli kwa sababu daftari ni langu: niliwatazama kwa hamu, nikiwa nimeanguka hivyo hivyo.

Zilipita dakika kama hamsini. Nikasikia lango, nikasikia mkamwana akiita, "Mama, tumerudi." Nikaitika, lakini nadhani sauti haikutoka. Akafika mlangoni.

Nilitarajia apige kelele. Nilitarajia anigombeze, na nilikuwa nimeshapanga majibu. Hakufanya lolote. Alisimama, mkono kwenye fremu, macho yananiangalia na mimi namwangalia, na hakusogea.

"Mama," akasema. "Unapumua?"

"Mbona nakutazama, mwanangu."

"Unapumua?"

"Napumua."

Akakaa chini pale pale mlangoni. Wadogo zake ndio walioniinua. Yeye aliendelea kukaa, na mmoja wao alipotaka kumshika begani yule mwingine alimtikisia kichwa amwache. Wao walijua jambo nisilolijua mimi.

Tarehe 25 Aprili

Cherehani haikunguruma leo. Mkamwana aliniletea chai, akaketi kwenye kile kiti cha plastiki cha msafara, akaniambia bila kuniangalia.

Mama yake aliishi peke yake, kama mimi. Alikuwa mzima, mkali, mwenye bustani yake. Walipigiana simu kila Jumapili. Jumapili moja hakupokea. Mkamwana akadhani yuko bustanini. Jumatatu hakupokea, akadhani simu imeisha chaji, na alikuwa na sare arobaini za kumaliza. Alikwenda Jumanne.

"Daktari aliniambia hakufa siku ile ya kwanza," akasema. "Alikuwa sakafuni. Sijui kwa nini aliniambia. Sikumwuliza."

Nimekuwa naye katika familia miaka kumi na mbili. Nilijua mama yake amefariki, nilikwenda msibani, nilikaa na watu. Sikuwahi kuuliza alifariki vipi. Mimi, ninayehesabu safari za nyigu! Nimejionea haya, haya ya kweli, na nikamwambia hivyo. Akasema, "Hukujua." Nikamwambia ndilo kosa lenyewe.

Tarehe 27 Aprili

Mwanangu amebomoa njia ya mchwa na kumwaga dawa kwenye kona. Nimekubali. Nimemwomba tu afunge dirisha kwanza, kwa ajili ya bumba la nyigu. Ameleta magongo mapya, ya chuma.

Tarehe 4 Mei

Wanatoka! Saa nne asubuhi udongo ulidondoka punje punje, kikatokea kichwa, kisha nyigu mzima, ana vumbi. Alikaa kwenye fremu akajifuta uso kwa miguu ya mbele. Nilimwita mkamwana, akaja na uzi mdomoni, tukamtazama wote wawili mpaka akaruka. "Hana hata mtu wa kumuaga," akasema mkamwana.

Tarehe 9 Mei

Wametoka saba. Natembea mpaka jikoni na magongo. Mkamwana anatembea nyuma yangu mikono mbele, kama anayefukuza kuku.

Tarehe 11 Mei

Wanane.

Tarehe 16 Mei

Wa tisa hatoki. Ni kile kijumba nilichokiziba mimi.

Nilichukua mkasi wa mkamwana nikapasua plasta. Nilimkuta ndani. Alikuwa amekua kamili, mbawa, kiuno, miguu ya njano, amekufa, kichwa kimegusa plasta. Upande wa ndani wa plasta palikuwa na mikwaruzo. Wenzake walitafuna udongo wakatoka. Huyu alitafuna kazi yangu safi, tabaka tatu, mpaka nguvu zikamwishia. Nililia. Nina miaka sitini na nane na nimelilia nyigu.

Nikamwita mkamwana nikamwonyesha kiganjani. "Huyu nimemwua kwa kumsaidia," nikasema, na kusema kweli nilikuwa na hotuba tayari. Alinikata kabla sijaianza.

"Najua unakokwenda, Mama. Mimi si plasta."

"Sijasema..."

"Unasema. Na mimi nakwambia, mama yangu hakuna aliyemfungia. Alikuwa huru kabisa pale sakafuni."

Akaweka mkasi mfukoni akaenda zake. Wadudu hawa nimewachunguza mvua nzima, na nilipowahitaji wanisaidie kusema jambo moja walinitupa mkono.

Tarehe 20 Mei

Plasta imetolewa. Mguu umesinyaa, una magamba, lakini ni wangu. Daktari amenipa fimbo.

Jioni tumekaa ukumbini kuamua. Mwanangu alianza kwa kukohoa. Alisema nyumba hii ni yangu, watoto wamenizoea, kule ni mbali. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Mkamwana alikuwa anapindisha pindo la sketi ya shule, hakuinua kichwa.

"Arudi," akasema.

Mwanangu akamgeukia. "Si ni wewe uliyesema..."

"Nilisema. Sasa nasema arudi. Kila siku saa moja asubuhi nampigia simu. Anapokea. Hilo tu."

"Nitapokea," nikasema.

"Kila siku, Mama. Siyo ukikumbuka."

"Nimekwambia nitapokea."

Aliuma uzi kwa meno akaendelea kushona. Nilipata nilichokitaka, nikabaki nimekaa pale sijui mikono niiweke wapi.

Tarehe 28 Mei

Kwangu. Mkamwana alinileta, akafua mapazia, akavipeleka vigoda vyote kwa jirani bila kuniuliza. Nikamwacha. Alipoondoka niliosha kikombe kimoja.

Tarehe 29 Mei

Nimeamka saa kumi na mbili, mvua imekwisha kabisa, ua umekauka. Kwenye ngazi ya mlango wa nyuma sisimizi walikuwa wamebeba bawa la kipepeo, limesimama wima. Nilitaka kujua kama wanaoshika mbele ndio hao hao mwanzo hadi mwisho au wanapokezana. Wanapokezana. Niliwafuata na fimbo yangu mpaka kwenye ukuta wa jirani, nikawangojea wapitishe bawa kwenye ufa, wakashindwa, wakalilaza, likapita.

Niliporudi ndani simu ilikuwa mezani, nayo imenyamaza. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na nne. Amepiga mara kumi na tisa.

Nikampigia. Alipokea, hakusema. Nilisikia barabara, nilisikia pumzi yake, ya mtu aliyekuwa akikimbia. Nikasema, "Niko mzima, mwanangu. Nilikuwa uani. Nisamehe, niko mzima." Hakusema bado. Sikukata. Nilikaa kwenye kiti na simu sikioni, kama nilivyokaa na watu wengi wodini walipokuwa hawana sauti, mpaka yake ikarudi.

"Nilikuwa nimeshafika kituo cha basi," akasema. "Nimevaa viatu vya mume wangu."

Tarehe 30 Mei

Leo nimepiga mimi, saa moja kasoro dakika kumi. Alipokea kabla haijamaliza kuita mara ya kwanza.